Makmende Alipoimeza 82

Mtaje Makmende mbele ya mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliyekuwa kijana mwaka 2010, uso wake utachangamka. Atakumbuka nywele za afro, mateke na ngumi, na yule jamaa anayewavaa wahuni peke yake akawaadabisha. Baadhi watakumbuka kwamba ile ilikuwa video ya wimbo. Wachache watakumbuka kwamba wimbo wenyewe unaitwa Ha-He. Ukiuliza ulitoka kwenye albamu gani, hapo mazungumzo yanakatika.

Albamu inaitwa 82. Ni ya pili ya kundi la Just a Band la Nairobi, ilitoka mwaka 2009, na kwa masikio yangu ndiyo kazi iliyokamilika kuliko zote zilizotengenezwa na vijana wa ukanda huu katika miaka ile. Naandika haya nikiwa Kishanda, wilayani Muleba, kati ya kahawa na migomba, na najua si wengi hapa watakaonielewa nikisema naikumbuka albamu ya Wakenya kwa uchungu. Haikuwa mbaya, wala haikukosa masikio. Ilimezwa na mtoto wake mwenyewe.

Walioitengeneza walikuwa vijana wanne: Bill Sellanga, ambaye wengi wanamwita Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, na kundi likaanza mwaka 2003. Albamu yao ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008. Hawakukaa kusubiri studio kubwa iwaite. Walijirekodia, walichora michoro yao, walipiga video zao, na walifanya yote hayo kwa namna ambayo wauzaji wa muziki walishindwa kujua wawapange rafu gani. Haikuwa benga wala rap ya Nairobi, na rumba la Wakongo walilolelewa nalo wazazi wao halikuwemo. Waandishi waliishia kuuita muziki mbadala, neno linalotumika kila mahali duniani kwa vijana wanaopiga kitu ambacho redio bado haijakizoea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Albamu ya kwanza ni ugeni: watu wanakukaribisha kwa sababu hawajakuona, na wanakusamehe mengi. Albamu ya pili ndiyo siku ya jembe. Hapo ndipo unaonekana kama unajua kulima au ulikuja kula tu. Kule Uingereza, Radiohead walitoka mwaka 1993 na Pablo Honey, ambamo mlikuwa na Creep, na wimbo huo mmoja ukawaandama kila walikokwenda mpaka ilipotoka The Bends mwaka 1995, albamu ya pili, ndipo dunia ikakubali kwamba hawa ni bendi. Nirvana wa Marekani walikuwa na albamu moja ndogo ya mwaka 1989 iliyojulikana na watu wachache. Albamu yao ya pili, Nevermind, ilitoka Septemba 1991, na Januari iliyofuata ikamshusha Michael Jackson kutoka kileleni mwa chati za Marekani. Kwa hiyo mtu anayeupenda muziki kweli huikodolea macho albamu ya pili. Just a Band walishika jembe mapema sana, mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza, na walilima.

Ilitufikiaje Kishanda? Lazima nieleze kidogo jinsi vitu vilivyokuwa vinatufikia miaka ile. Mkoa wa Kagera ulikuwa unapata umeme wake kutoka Uganda, kupitia Masaka, na kwenye nyumba nyingi za kwetu hata huo wa Uganda ulikuwa haujafika. Redio tulizipata za pande zote: TBC Taifa, Radio Kwizera ya Ngara, na usiku, mawimbi yakikubali, redio za Kampala zikizungumza Kiganda, ambacho Mhaya anakielewa zaidi ya anavyokiri. Muziki wa Dar es Salaam ulitujia kwa basi la siku mbili. Muziki wa Kampala ulitujia kwa jioni moja. Kila mtu aliyesoma au kufanya biashara ng'ambo ya mpaka wa Mutukula alikuwa posta yetu.

Posta yangu alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa anasoma Makerere. Desemba 2009 alirudi likizo, Masaka, Kyotera, Mutukula, Bukoba, halafu Muleba, halafu pikipiki hadi nyumbani, na kwenye begi lake kulikuwa na CD ndani ya mfuko wa nailoni. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino mzito: 82. Alipewa na Mkenya aliyekuwa anakaa naye chumba kimoja. Kwa wiki nzima alikuwa anasema neno moja tu kuhusu ile CD: sikiliza. Hakueleza zaidi.

Senene walikuwa bado wanaanguka. Mama na shangazi zangu walikuwa wameketi kwenye mkeka, ungo katikati, wanawachambua: mbawa hapa, miguu hapa, kiwiliwili kwenye sufuria. Anayejua kazi hiyo anajua mikono inavyokwenda bila macho kuangalia. Kaka akatoa betri ya gari chumbani kwa baba, akaunganisha deki na spika moja ya zamani yenye kitambaa kilichotoboka, akaweka CD. Rimoti ya deki ilikuwa imepotea siku nyingi, na vitufe vya mbele vilikuwa vimekwisha, isipokuwa kile cha kufungulia na cha kuwashia. Maana yake ukiweka CD umeiweka. Haikuwezekana kuruka wimbo. Utakaousikia wa kwanza ni wa kwanza, na wa mwisho utausubiri.

Nataka kueleza nilichosikia, na ni vigumu, kwa sababu maneno ya kueleza muziki kwetu yametengenezwa kwa ajili ya ngoma, enanga na kwaya. Kulikuwa na ngoma ya kompyuta, kavu, isiyopepesuka. Juu yake kinanda kinazungukazunguka kwenye sauti chache, kinarudi, kinaongeza kimoja, kinarudi tena. Gitaa linaingia kama mtu aliyekuja kuazima moto, halikai sana. Sauti za kiume haziimbi kwa kupaza kama kwenye dansi letu, zinasema nawe karibu, wakati mwingine kwa Kiingereza, wakati mwingine kwa Kiswahili, na hapohapo zinaruka kwenye Sheng ya Nairobi. Katika ngoma zetu hakuna anayesimama pembeni. Mpigaji anapiga, na watazamaji wanadaiwa kupiga makofi. Huu ulikuwa muziki wa mtu aliye peke yake chumbani anayejua kwamba chumba cha pili pia kuna mtu peke yake.

Mama alisikiliza kwa muda mikono yake ikiendelea na senene.

“Hawa ni watoto wa nani?”

“Ni Wakenya, waitu,” kaka akajibu.

“Mbona ngoma yao haichoki?”

Sijapata kusikia mhakiki yeyote akiusema muziki wa kompyuta vizuri kuliko hapo. Ngoma ya mtu inachoka, na kuchoka kwake ndiko kunakokuambia usiku umefika wapi. Ile haikuchoka, kwa hiyo waliokuwa juu yake, waimbaji, ndio walilazimika kubeba uchovu wote. Nilielewa hilo baadaye sana, nilipoisikiliza tena na tena. Usiku ule nilielewa tu kwamba kila wimbo ulikuwa unaujibu ule uliotangulia. Kulikuwa na Huff + Puff, kulikuwa na Usinibore, ambao shangazi mdogo aliuomba urudiwe, na haikuwezekana kuurudia ila kwa kuanza CD yote upya. Ha-He nao ulikuwemo. Ulipita kama wenzake, ukafuatiwa na mwingine. Hakuna aliyeushangilia kipekee. Baba alivumilia mpaka mwisho ndipo akasema betri irudishwe, kesho anataka taarifa ya habari.

Tuliisikiliza hivyo likizo nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, kila betri ilipokuwa imechajiwa senta. Vijana wa jirani wakaanza kuja. Wengi wao walikuwa wamemaliza kidato cha nne, hawakuendelea, kahawa haikuwa inalipa, na migomba ilikuwa imeanza kunyauka kwa ugonjwa ambao wazee hawakuwa wameuona maishani. Bongo Fleva waliipenda, na mimi niliipenda, lakini ilikuwa inazungumza na mtu anayetaka kufika Dar es Salaam. 82 ilizungumza na mtu asiyejua anataka kufika wapi. Waliotengeneza albamu hiyo nao walikuwa rika lililotoka kwenye machafuko ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ambayo sisi tuliyafuatilia redioni huku tukishangaa majirani wanavyoweza kugeukana. Miaka miwili baadaye vijana wa rika hilo wanatuletea muziki ulio makini hivi, uliochongwa kwa subira, na wenye ucheshi usiomdhalilisha mtu. Mimi niliuchukua kama barua kutoka kwa watu walionusurika.

Halafu ikaja Machi 2010.

Video ya Ha-He iliwekwa kwenye intaneti katikati ya mwezi huo. Imetengenezwa kwa mtindo wa filamu za ngumi za Wamarekani weusi za miaka ya 1970, na shujaa wake, aliyechezwa na Kevin Maina, ni Makmende, jina ambalo watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakimbandika mwenzao anayejifanya mbabe. Ni kazi nzuri sana. Sina neno baya la kusema juu yake. Rangi zake, mikato yake, jinsi mateke yanavyoangukia kwenye ngoma, yote yanaonyesha watu wanaoipenda sinema na wanaoijua. Jim Chuchu na Mbithi Masya waliokuwa nyuma ya kamera walikuja kudhihirisha hilo baadaye.

Mimi niliiona Bukoba mjini, kwenye intaneti kafe moja iliyokuwa na feni ya dari na kompyuta zilizofunikwa vitambaa kama kochi la sebuleni. Mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, magazeti yakatuahidi kasi, lakini kasi hiyo ilikuwa bado inapanda kuja huku ziwani polepole. Video inakwenda sekunde kadhaa, inasimama, mguu wa Makmende uko hewani, mstari mwekundu unatambaa chini ya picha, kisha mguu unashuka. Spika za masikioni zilikuwa zimechanika sponji. Nyuma yangu walisimama vijana watatu, halafu watano, halafu mwenye kafe mwenyewe. Wakati wa kusubiri ulikuwa mrefu kuliko wa kutazama, na katika kusubiri huko kila mtu alikuwa anasimulia Makmende atafanya nini video ikiendelea. Hadithi zikaanza hapohapo, kabla hatujafika mwisho.

Kumbe hali ilikuwa hivyo kila mahali. Kwa siku chache Wakenya walimtungia Makmende sifa kwa maelfu, wakamtengenezea majalada ya majarida ya bandia, wakampa vyeo. Vyombo vikubwa vya Marekani kama CNN na Wall Street Journal vikaandika habari zake, na ikasemwa kwamba hilo lilikuwa jambo la kwanza la Kenya kuenea kwenye intaneti kwa namna ile. Sisi wa upande huu tulifurahi kama vile ni letu. Kwa mara ya kwanza dunia ilikuwa inacheka pamoja na Waafrika Mashariki, kwa kitu ambacho Waafrika Mashariki wamekibuni, na mwaka huohuo, Julai, itifaki ya soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inaanza kazi. Ilionekana kama mipaka imeanza kuyeyuka kwa upande wa vicheko pia.

Kilichofuata ndicho kinachonisikitisha. Video ilishuka kutoka kwenye intaneti ikaingia kwenye CD za filamu, ikaingia kwenye vibanda umiza, ikawa inawekwa katikati ya filamu mbili za mapigano, moja ikiwa imetafsiriwa kwa sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu. Watu waliomba “weka Makmende”. Nilikuwa kwenye kibanda kimoja Muleba mjini jioni moja ilipowekwa, na mwenye kibanda akapunguza sauti ya wimbo ili yeye mwenyewe asimulie anachofanya Makmende. Wimbo ukawa kelele ya nyuma ya hadithi yake. Watu walicheka na kupiga meza. Nami nilicheka. Lakini nilijua kwamba chini ya sauti ya yule bwana kuna kinanda kile kinazunguka, kinaongeza kimoja, kinarudi, na hakuna anayekisikia.

Kaka alipokuja likizo iliyofuata, vijana waliokuwa wanakaa nasi kusikiliza 82 walimwomba aweke Makmende. Akaweka CD kama kawaida, kutoka mwanzo. Walivumilia nyimbo mbili. Walikuwa wanasubiri Ha-He, na ulipofika wakasema mbona hauna picha. Mambo mengine hubadilika kwa miaka, hili lilibadilika kati ya Desemba na Juni.

Sisi watu wa Kagera tungepaswa kulitambua jambo hili, maana tulikwishaliona nyumbani. Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliimba Maria Salome kwa Kihaya, wimbo ambao nchi nzima iliuita Chambua Kama Karanga. Ngoma yake, sauti yake, lugha yetu ambayo shuleni tulikuwa tunachapwa tukiisema, vyote vikasikika Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Bujumbura. Nakumbuka wazee wa Kishanda waliokuwa wamezoea enanga, zile tenzi ndefu za mashujaa ambazo mpigaji anaweza kukukesha nazo, wakinyamaza redio inapompiga Saida, kwa heshima. Halafu akaendelea kuimba. Akaleta Mapenzi Kizunguzungu, akaleta nyingine nyingi, na mwaka 2017 akarudi tena na Orugambo. Kila alikokwenda watu walimwomba Salome. Wimbo mmoja ulisimama mlangoni, nyingine zote zikashindwa kupita.

Septemba 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliutoa Salome wao, uliojengwa juu ya ule wa Saida. Ni mwezi uleule ambao, tarehe 10, ardhi ilitetemeka Kagera, tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu wakafa na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Bukoba mjini watu walikuwa wanalala nje kwenye turubai, na kwenye simu zao wimbo wa Salome unachezwa kwa mdundo mpya. Watoto wa shule waliuimba maneno yote. Wengi hawakujua kwamba mwenye wimbo ni wa kwao. Sina ugomvi na Diamond kwa hilo; wimbo mzuri una haki ya kuzaliwa mara ya pili, na bila yeye kizazi kile kisingeusikia kabisa. Ninachosema ni kwamba hata ulipozaliwa upya, ulizaliwa peke yake. Ndugu zake walibaki walikokuwa.

CD ya 82 ilipotea katika tetemeko hilo. Kaka alikuwa ameshahitimu, anafanya kazi Bukoba, amepanga Hamugembe, moja ya mitaa iliyoumia zaidi. Yeye alikuwa kazini, namshukuru Mungu. Ukuta wa chumbani ulilala juu ya kabati. Alipokwenda kuchambua vifusi alitafuta vyeti vyake, akavipata, akatafuta picha ya harusi ya baba mkubwa, akaipata imekunjamana. CD hakuitafuta. Aliponiambia hivyo sikumlaumu, kwani wakati huo wote tulikuwa tumeshahamia kwenye simu.

Na simu ndiyo iliyotufikisha tulipo. Kishanda ya leo ina nguzo za umeme barabarani. Ina minara. Bodaboda ana sabufa ndogo iliyofungwa kwenye usukani. Vile vibanda vya Muleba na Bukoba vilivyokuwa vinauza CD, halafu vikawa vinajaza nyimbo kwenye memori kadi kwa bei ya chai na chapati, sasa vinauza vocha na kutuma pesa. Nyimbo zimekuwa nyingi kuliko muda wa kuzisikiliza. Mpwa wangu ana simu yenye muziki wa dunia nzima ndani, na sijawahi kumwona akisikiliza wimbo ukafika mwisho. Anasikiliza kile kipande ambacho watu wanakichezea, anakipitisha kwa kidole, anakwenda kwenye kingine. Namuuliza albamu anayoipenda, ananiangalia kama nimemuuliza bei ya kibatari.

Simlaumu mtoto. Kidole chake kinafanya alichofanya yule mwenye kibanda, tena kwa utulivu zaidi. Nilipokuwa na umri wake nilisikiliza 82 nzima kwa sababu deki ilikuwa mbovu. Hilo nalikubali bila kinyongo: si kwamba sisi tulikuwa wasikilizaji bora, ni kwamba hatukuwa na njia ya kukimbia. Wimbo usioupenda ulikaa nao mpaka ukaupenda, au ukajua hasa ni kwa nini huupendi. Na waliotengeneza albamu walijua kwamba msikilizaji amekaa, kwa hiyo walithubutu kuweka wimbo wa polepole mahali ambapo leo hakuna anayethubutu kuuweka. Nyimbo zilikuwa zinasubiriana. Kitu hicho, nyimbo kusubiriana, ndicho nilichokipoteza, na sioni kikirudi kwa njia ya bando.

Just a Band wenyewe walitoa albamu ya tatu, Sorry for the Delay, mwaka 2012, kisha njia zao zikaachana taratibu. Jim Chuchu aliondoka, akawa mmoja wa waanzilishi wa The Nest, kikundi cha wasanii cha Nairobi, na filamu yake Stories of Our Lives ya mwaka 2014 ilizuiwa kuonyeshwa Kenya huku ikizunguka kwenye matamasha ya dunia. Mbithi Masya aliongoza Kati Kati, filamu ya mwaka 2016 iliyoshinda tuzo ya wahakiki katika tamasha la Toronto. Blinky Bill alitoa albamu yake peke yake mwaka 2018. Nikiyaona hayo nasema mbegu haikuoza. Vijana wanne waliojifunza kufanya kila kitu wenyewe kwenye albamu ya pili ndio waliokuja kuonyesha rika zima la wasanii wa Nairobi kwamba hahitajiki mtu wa kukupa ruhusa. Nawatakia heri, popote walipo, na sidhani kama mmoja wao anajua kwamba kulikuwa na nyumba Kishanda ambamo kazi yao ilisikilizwa na wanawake wanaochambua senene.

Lakini mafanikio ya watu si kitu kimoja na maisha ya kazi yao. Albamu huishi kwa kusikilizwa, na 82 inatajwa tu pale mtu anapoeleza chanzo cha Makmende. Ilipofika miaka 10, mwaka 2019, nilitarajia nisikie lolote redioni, hata dakika tano. Zimepita dakika nyingi zaidi ya hizo, na sijasikia kitu.

Ndiyo maana hivi karibuni nilimwandikia mtangazaji mmoja wa kipindi cha nyimbo za zamani, mtu mwema anayesoma ujumbe wa wasikilizaji wake na kuwajibu. Nilimweleza habari za 82, nikamwomba usiku mmoja aipige yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kuzungumza katikati. Alinijibu siku hiyohiyo. Albamu nzima haiwezekani, alisema, kipindi ni cha saa moja na kuna matangazo ya biashara, ila ule wa Makmende anaujua na atanipigia kwa furaha. Nitume tu jina, mahali nilipo na watu ninaowasalimia. Nikamtumia jina langu, nikaandika Kishanda, nikamsalimia mama, shangazi mdogo na kaka yangu wa Bukoba. Kwenye nafasi ya wimbo nikaandika Usinibore.